Tambarare dhidi ya Milima: Rekodi za Safari ya Wawili, Kolandoto Hadi Mtae

Kila kiangazi cha kwao, wenzi wa Ulaya hukodi gari na kuzunguka vijiji vya vilimani vya Italia, Ufaransa na Hispania. Kiangazi chetu huanza Juni, pamba ikiwa inapimwa kwenye mizani na malori ya marobota yakipishana barabarani, nasi tuna gari, tuna michembe ya kutafuna njiani na tuna ugomvi wa kutosha wa kutupeleka mbali. Mimi ni mtu wa tambarare, mzaliwa wa Kolandoto, mkoani Shinyanga. Mama watoto ni Msambaa wa Mtae, juu kabisa ya milima ya Usambara. Kwa hiyo safari ya kwenda ukweni tuliigeuza mechi. Kila penye rekodi, bao linahesabiwa, na daftari la matokeo analishika yeye.

1. Tambarare iliyo juu kuliko vilele

Bao la kwanza nililifunga kabla ya kuwasha gari! San Gimignano, mji wa kilimani unaojaza kalenda za Italia, uko mita 324 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134, na Shinyanga yetu, ambayo wageni huiona kama meza iliyotandikwa mibuyu na mashamba ya mpunga, nayo ina zaidi ya mita 1,100. Maana yake ni kwamba mzee wa Kolandoto anayechunga ng'ombe kwenye mbuga, bila kupanda hata kichuguu, yuko juu zaidi ya mara tatu ya Mwitaliano anayejisifu kwa mandhari ya kilimani.

Hum, kijiji cha kilimani nchini Kroatia, hujitangaza kuwa mji mdogo kuliko yote duniani. Wakazi wake hawafiki 100. Basi moja la Mwanza linawachukua karibu wote, na wakibanana kama tunavyobanana sisi, hakuna atakayeachwa stendi. 1–0.

2. Bomba kubwa kuliko yote, na jiwe ghali kuliko yote

Mwadui ni jirani yetu, upande wa barabara ya Mwanza. Hapo mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipata alichokitafuta kwa miaka: bomba la kale la volkano lililojaa mwamba wa almasi. Juu ya ardhi lina hekta 146, na kati ya mabomba yote ya almasi yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani, hakuna linalolizidi kwa upana. Lile shimo maarufu la Kimberley, Afrika Kusini, lina hekta 17 tu. Chukua uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, uupange juu ya bomba la Mwadui: vinaingia viwanja zaidi ya 200. Ligi Kuu yote, Daraja la Kwanza na ligi ya wilaya zingecheza siku moja, saa moja, na waamuzi ndio wangekosekana.

Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilipokatwa London ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaifanya moyo wa bruchi yenye umbo la ua. Lakini mimi napenda zaidi ile ya mwaka 2021: karati 32.32, ya waridi pia, ikauzwa dola milioni 13.8. Kwa fedha ya wakati ule ni shilingi bilioni 31 na ushee. Uzito wake? Gramu sita na nusu, yaani nusu kijiko cha chakula cha sukari. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye daraja.

3. Shimo refu, na dhahabu ya simtanki moja

Kutoka Mwadui tulirudi nyuma, tukapita Tinde, tukaingia Kahama. Kwanza niwape wenyeji wa Kahama haki yao, maana wasipopewa wanaidai: sensa ya 2022 iliikuta manispaa yao na watu zaidi ya 453,000, wakati manispaa ya Shinyanga, makao makuu ya mkoa, ina 214,000 na kitu. Mtoto amempita mzazi mara mbili.

Mbele ya Kahama, upande wa Kakola, kuna mgodi wa Bulyanhulu. Wenzao wengi wanachimba mashimo ya wazi. Hawa wameingia chini, na lifti yao hushuka zaidi ya kilomita 1. Sasa kumbuka tambarare yetu ilivyo juu. Mchimbaji akishuka kilomita nzima kutoka hapo, anakaribia usawa wa mchanga wa ufukwe wa Tanga, na hajatoka wilayani kwake! Duniani tunakubali kushindwa: Mponeng ya Afrika Kusini inakaribia kilomita 4 kwenda chini. Lakini Mponeng haiko njiani kwenda Lushoto.

Kisha Geita. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, ndio mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini, na kwa mwaka mzuri hutoa karibu wakia 500,000. Kwa kilo ni tani 15 na nusu hivi. Mtu akisikia tani anawaza msururu wa malori, si hivyo. Dhahabu ni nzito kupindukia. Mlima unalipuliwa, matingatinga yenye matairi marefu kuliko mtu yanasomba mchana na usiku, mwaka mzima, na ukiiyeyusha dhahabu yote hiyo ikawa safi, inaingia kwenye simtanki la lita 1,000 na nafasi inabaki. Lile la bluu au jeusi lililo nyuma ya nyumba yako. Mama watoto alilitazama simtanki la gesti tuliyolala pale Geita kwa heshima ambayo hajawahi kunipa mimi. 3–0.

4. Daraja refu kuliko yote

Kati ya Sengerema na Misungwi, kwenye mkono wa ziwa uitwao Ghuba ya Mwanza, liko Daraja la JPM, Kigongo–Busisi. Kilomita 3. Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lililokuwa likitamba tangu 2003, lina mita 970. Hili jipya ni mara tatu yake. Panga mabasi ya mita 12 pua kwa mkia kutoka Busisi: la 250 ndilo linagusa Kigongo. Na kwa kuwa upana ni mita 28 na nusu hivi, mstari huo wa mabasi unaweza kusimama pembeni na msafara wa harusi ukapita.

Waliowahi kusubiri kivuko pale hawahitaji takwimu. Foleni ilikuwa inakula saa, wauza mayai ya kuchemsha wakawa wanakujua kwa sura, na upepo ukichafuka ndiyo basi. Sasa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unavuka chini ya dakika 4. Nasema 50 kwa makusudi, kwani trafiki mwenye tochi hana habari na rekodi zako.

Sasa ile hesabu ya Mwadui. Daraja limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kwa bei ya lile jiwe la 2021, mawe 23 ya aina ile yangetosha kulilipia. Yaweke mawe hayo yote kwenye mizani ya dukani: gramu 150. Robo kilo haijafika! Daraja lote, nguzo zake, nyaya zake na lami yake, kwa uzito ambao muuza duka angekufungia kwenye kigazeti.

5. Maji mapana, maji mafupi

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, la kwanza kwa ukubwa Afrika, la pili duniani kwa maji baridi. Ukilikausha ukaitandika Rwanda nzima ndani, kisha Burundi nzima, bado inabaki nafasi inayokaribia kuitosha Hifadhi ya Serengeti.

Ila kwa kina ni sinia. Panapozama zaidi ni mita 80 hivi, wakati Tanganyika, lililo jembamba, linakwenda mita 1,470. Kwa hiyo kikombe cha kina kimebaki Kigoma, nasi tumechukua cha upana. Ndani yake kuna Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwani barani Afrika, na sangara anayeweza kufika mita 2 na kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi yenye mapezi. Tuliyekula sisi Mwanza, kwenye sahani, hakuwa na rekodi yoyote zaidi ya ile ya kuisha upesi. 5–0, na daftari likaanza kufungwa kwa kishindo.

6. Umati mkubwa na bakuli kubwa

Kutoka Kolandoto kuna barabara inayokwenda kupitia Lalago, Mwanhuzi na Mto Sibiti hadi Oldeani, na ingetufikisha karibu na Ngorongoro kwa mkato. Tuliiacha kwa ajili ya daraja. Tukapita Magu na Lamadi, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka.

Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni 1, na mzunguko wao wa kila mwaka ni kati ya uhamaji mkubwa zaidi wa wanyama wa nchi kavu duniani. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Nyumbu wakipewa kiti kila mmoja, wanaujaza mara 16 na wengine wanabaki nje wakilalamikia tiketi. Serengeti ni tambarare, kwa hiyo bao ni langu.

Ndipo tukapanda ukingo wa Ngorongoro, na mama watoto akafufuka. Hili ndilo bakuli kubwa kuliko yote duniani la volkano iliyojiporomokea ndani, likabaki zima bila kujaa maji: kilomita za mraba 260, kina cha mita 610. Jamhuri ya San Marino, nchi kamili iliyokaa kwenye mlima kule Italia, yenye bunge lake na stempu zake, ina kilomita za mraba 61. Unaziweka nne sakafuni mwa Ngorongoro na faru bado anapata pa kupita. Na ule mnara mrefu kuliko yote wa San Gimignano, Torre Grossa, una mita 54. Ipande minara 11 mmoja juu ya mwingine ndani ya bakuli, na aliye juu ya wa mwisho bado hachungulii nje. 6–1.

7. Kongwe kuliko yote

Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, kuna nyayo za watangulizi wa binadamu zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Timu ya mtafiti Mary Leakey ndiyo iliyoufukua mstari wao mrefu mwaka 1978. Walitembea kwa miguu miwili, visigino na vidole vikionekana kama vya mtu aliyepita shambani jana baada ya mvua. Mama watoto akaandika bao.

Nikamwambia aandike mawili, moja lake na moja langu. Miamba ya Geita na Shinyanga, ile inayobeba dhahabu, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukiufanya umri huo kuwa urefu wa Daraja la JPM, Laetoli ni sentimita 432 tu za mwisho. Daraja zima ni sisi. Wao wamekuja gari likiwa linakanyaga lami ya Kigongo.

Na kwa kuwa nilikuwa na kasi, nikaongeza kitu kingine kutoka Kanda ya Magharibi: vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, ndivyo volkano changa kuliko zote za mwamba wa aina ya Mwadui zinazojulikana duniani. Zina miaka 12,000 hivi. Akasema Tabora si Shinyanga. Sikubishana sana, niko mbele.

8. Mwenye kasi kuliko wote, na wa mwisho aliyewapita wote

Karatu ni kwao Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuna aliyemfikia: mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akachukua na ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51. Mwendo wake wa Christchurch ni zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Angeweza kuushika kilomita tatu nzima, angevuka Daraja la JPM kwa dakika 7 hivi. Gari letu linatumia chini ya 4. Bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa angempisha.

Jirani, Mbulu, ndiko alikotoka John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968: wakimbiaji 75 walianza, 18 wakaacha njiani. Akhwari alianguka, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshashuka, wa 57 kati ya 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Aliyeshinda siku ile alikuwa Mwethiopia, Mamo Wolde. Waulize vijana wa leo ni nani wanayemjua kati ya wawili hao. Milima ikachukua mabao mawili kwa mpigo, na sikuwa na la kusema. 7–4.

9. Jiwe zito kuliko yote

Mirerani, chini ya Kilimanjaro, ndipo mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliingia na mawe mawili, kubwa likiwa na zaidi ya kilo 9, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Agosti akarudi na la tatu, kilo 6.3. Kilo 9 ni mtoto wa mwaka mmoja mgongoni! Wakati almasi ya Mwadui ya gramu sita na nusu ilileta mara nne ya fedha hizo. Mirerani iko tambarare, lakini si tambarare yetu. Hakuna aliyepewa bao.

10. Mrefu kuliko wote, mara mbili

Kilimanjaro, mita 5,895, hauhitaji wakili. Watu wengi huupanda kwa siku tano hadi nane. Agosti 2014 Karl Egloff aliupanda na kuushuka kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 24, na kabla yake, mwaka 2006, Mtanzania Simon Mtuy alifanya hivyo bila kupokewa hata chupa ya maji, kwa saa 9 na dakika 20 na ushee. Basi la asubuhi la Moshi kwenda Dar es Salaam hutumia muda kama huo, na abiria wamekaa.

Mimi lakini niliumizwa na mti. Mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp alitangaza kipimo cha mti mrefu kuliko yote Afrika, aliouona kwenye bonde lenye kivuli la mlima huo huo: Entandrophragma excelsum, mita 81.5. Torre Grossa ya San Gimignano inafika kwenye matawi yake ya kati. Usimamishe mti huo mahali penye kina kuliko pote katika Ziwa Victoria, na ndege bado atapata pa kutua kileleni. Ziwa langu lote, mti wake mmoja! 7–6.

11. Kona nyingi, ua dogo

Kutoka Same hadi Mombo barabara inanyooka, katani kushoto, milima ikikukodolea macho. Hapa mtu wa Kolandoto ashike hesabu vizuri: Mombo iko mita 400 hivi tu. Tumeshuka mita 700 kutoka nyumbani ili tuanze kupanda. Kutoka hapo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, barabara inapanda karibu mita 1,000, kina kile kile ambacho lifti ya Bulyanhulu inashuka. Gia ya pili, honi kila kona, lori la kabichi linakuja katikati ya barabara kana kwamba limelipia pande zote mbili. Na ukifika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuukimbilia kwa ajili ya baridi, uko mita 1,400 hivi. Baada ya jasho lote lile, tumeizidi Kolandoto kwa mita 300 tu. Nililisema jambo hili kwa sauti, mbele ya mashemeji. Halikupokelewa vizuri.

Mtae iko mbele zaidi, mwisho wa barabara, imekaa kwenye mgongo wa mlima kama mtu aliyepanda punda. Nyumba zina bonde mbele na bonde nyuma. Upande mmoja ukuta unaporomoka hadi mbuga ya Mkomazi, na asubuhi bila ukungu Kilimanjaro inaonekana. Kuku wa pale hawakimbii ovyo. Hakuna aliyepima rekodi yoyote Mtae, kwa hiyo nilidhani nimeshinda.

Ndipo mama watoto akanionyesha, kwenye mwamba wenye kivuli uliolowa, mmea mdogo wa kutosha kiganjani, majani ya manyoya, maua ya zambarau. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta Usambara na kupeleka mbegu kwao. Leo Saintpaulia ni kati ya maua ya ndani yanayouzwa sana duniani, limo madirishani kutoka Ulaya hadi Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajawahi kusikia jina la Lushoto. Hakuna mzaliwa wa milima hii aliyesafiri mbali zaidi, na hakuna hata wa tambarare.

7–7. Alitaka lihesabiwe mabao mawili, kwa kuwa lilikuwa ugenini. Nimekataa, na shauri liko kwa baba mkwe.